Mwaka Nilioshona Matanga

Ujumbe wa Lorraine uliingia nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya chumba cha mahakama, nasubiri kesi iitwe. Ulikuwa mfupi. Dadi amefariki leo asubuhi, usingizini. Mazishi Jumamosi. Tungependa uje mapema. Niliusoma mara mbili, nikatia simu mkobani, nikaingia ndani kumfasiria mwanamume mmoja wa Bujumbura aliyekuwa akieleza jinsi gari lilivyomgonga akiwa kazini. Nadhani nilifasiri sawasawa, maana hakuna aliyenikatiza. Nilipotoka na kusimama kwenye roboti, zile taa za kuongozea magari, kungoja ya kijani, ndipo machozi yaliponitoka, na taa ikageuka mara tatu bila mimi kuvuka. Kwetu Uvira, Kongo, msiba tunauita matanga. Chiku, mtu wa Lindi niliyekaa naye chumba kimoja, aliniambia zamani kwamba kwao neno hilo hilo lina kazi mbili: ni msiba, na pia ni zile nguo kubwa zinazofungwa kwenye mlingoti zishike upepo. Mwaka wa 2017 nilikuwa nashona matanga ya aina hiyo ya pili, kwa ajili ya meli isiyozidi urefu wa meza ya kulia chakula, katika nyumba ya baba yake Lorraine, mzee ambaye sasa nilikuwa naenda kumzika.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Mimi na Chiku tulipanga chumba kwenye ghorofa la tano huko Berea, Johannesburg, katika fleti moja kuukuu iliyogawanywa kwa mbao na mapazia hata sebule ikawa nyumba za watu wanne. Chumba chetu zamani kilikuwa mahali pa kulia chakula. Bado kulikuwa na kidirisha ukutani cha kupitishia sahani kutoka jikoni, na kupitia kidirisha hicho tulisikia maisha yote ya majirani, nani amepata kazi ya ulinzi, nani ameachwa, nani ameunguza wali. Chiku aliuza vitambaa katika duka la Msomali mmoja mtaa wa Mayfair. Kila Ijumaa, baada ya sala, alirudi na sambusa zilizofungwa kwenye gazeti, tukala tumekaa kitandani, yeye akinisahihisha Kiswahili changu. Nikisema, "Ule mama iko na hasira mingi," alimeza kwanza, akafuta vidole, akasema, "Yule mama ana hasira nyingi. Sema tena." Nilimwambia kwetu watu wote wanasema hivyo na mvua inanyesha vilevile. Tulicheka sana mwaka ule, na siku hizi, mwanangu anaponijibu kwa Kiingereza kila ninalomwambia kwa Kiswahili, humkumbuka Chiku na subira yake.

Kazi yangu ilikuwa kushona kwa Mama Noella, mama wa Lubumbashi aliyekuwa na cherehani tatu katika ujia mwembamba chini ya jengo la jirani. Tulishona magauni ya vitenge ya wanakwaya, sare za shule, na suruali za wanaume walionenepa. Nyumbani nilikuwa nimesoma hadi mwaka wa kwanza wa chuo, Kifaransa na historia, lakini jambo hilo nililiweka mbali na watu, kama mtu anavyoficha kiatu kizuri kilichobaki kimoja. Hakuna aliyeniuliza, nami sikumwambia mtu.

Anko Des aliingia dukani asubuhi moja ya kiangazi, kofia mkononi, karatasi ndefu zilizoviringwa kwapani. Alikuwa na miaka sabini na kitu, mwembamba, vidole vyake vina makovu ya patasi. Jina lake lote lilikuwa Desmond Marjan, na alilitamka Kifaransa, sehemu ya mwisho ikipita puani. Alikuwa seremala wa makabati aliyestaafu. Alitandaza mchoro juu ya meza ya kukatia nguo, ukaenea meza yote: meli ya milingoti mitatu, na kila tanga limeandikwa vipimo vyake.

"Nimeunda meli," alisema. "Mbao naziweza. Kitambaa hakinipendi."

Mama Noella aliuangalia mchoro, akaniuliza kwa Kiswahili, "Huyu baba anataka mapazia?"

"Anataka matanga ya meli ndogo, Mama."

"Nguo za mtoto wa bandia," alisema, akarudi kwenye cherehani yake. "Shika wewe, uko na macho ya vijana."

Basi nikawa naenda kwake Troyeville kila Jumanne na Jumamosi. Nyumba ya Anko Des ilikuwa na baraza lenye nguzo za chuma zilizotengenezwa kama lesi, na ndani palinuka gundi, vumbi la mbao na siki. Chumba cha mbele, ambacho watu wengine wangeweka makochi, kilikuwa cha meli. Ilisimama juu ya magogo mawili, mbavu zake zimepigwa msasa hadi zikawa laini kama shavu. Dirishani kulikuwa na kiti changu na cherehani ya marehemu mkewe, ya kukanyaga kwa miguu. Nilishona kwa marekani nyembamba tuliyoichovya kwenye chai ya mmea wa kienyeji mwekundu, ili ionekane imekula jua na chumvi. Saa sita Anko Des aliosha mikono, tukaenda jikoni kula. Alijua kupika wali wa manjano wenye zabibu kavu, na minofu ya samaki iliyolowekwa kwenye siki, vitunguu na bizari. Samaki wale niliwaogopa mwanzoni, kwa sababu kwetu samaki wa baridi ni samaki aliyesahauliwa, lakini kufikia Pasaka nilikuwa naongezewa bila kuulizwa.

Mezani ndipo nilipoijua meli. Ilikuwapo kweli, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Iliundwa Uingereza, ikapewa jina Prudence, na kazi yake ilikuwa kupeleka nguo na vyombo vya chuma Bara Hindi na kurudi na mchele, pilipili na sukari. Haikuwa meli ya vita. Ilikuwa na mizinga michache ya kujitetea, na mabaharia wasiotosha kuifyatua yote kwa pamoja. Wakati wa vita kati ya Waingereza na Wafaransa, ikiwa njiani kurudi, ilikutana na meli nyembamba yenye mbio iliyotoka kisiwa cha Morisi, ambacho siku hizo kilikuwa cha Wafaransa. Nusu siku ilitosha. Prudence ilitekwa, mabaharia wake wakafungiwa chini, na kapteni mpya akasimama kwenye usukani.

"Maharamia," nilisema.

"Hapana." Anko Des aliinua uma. "Haramia huiba kwa ajili ya tumbo lake. Hawa walikuwa na barua ya serikali yao, imepigwa muhuri, kuwaruhusu kuteka meli za biashara za adui. Walichokiteka walikipeleka mbele ya hakimu, kikauzwa mnadani kihalali."

"Basi ni maharamia wenye barua, Anko."

Alicheka hadi akaweka uma chini. Mimi sikuwa natania sana. Mashariki ya Kongo nilikuwa nimewaona watu wenye bunduki na wenye barua, na barua haikuwabadilisha nyuso.

Kapteni aliyeiteka Prudence, kwa mujibu wa Anko Des, aliitwa Jean Marjan, naye ndiye babu yao mkuu. Hadithi ilikuwa ya nyanya yake. Kapteni Jean aliteka meli, akaipa jina jipya, Aurore, akasafiri nayo miaka kadhaa, mwishowe Waingereza wakamkamata yeye na meli yake na kumpeleka Cape Town. Huko akaoa, akabaki. Ukutani mwa chumba cha mbele kulikuwa na picha ya kapteni huyo, mwenye kofia ya pembe mbili na pua ndefu, iliyochorwa na binamu mmoja ambaye hakuwahi kumwona mtu yeyote wa kumfanania. Anko Des aliipangusa vumbi kabla ya kupangusa kitu kingine chochote. Alitaka kumaliza meli, aipeleke kwenye ukumbi wa shule alikofundisha binti yake Lorraine, na jamaa wa Cape Town waje waione, wajue wametoka wapi.

Mwezi wa nne mpwa wake wa Cape Town, aliyekuwa karani katika ofisi moja ya kumbukumbu za zamani, alituma bahasha nene ya nakala. Nusu ilikuwa ya Kiingereza. Nusu ilikuwa ya Kifaransa, iliyoandikwa kwa mkono, karatasi zilizochukuliwa melini siku ile Waingereza walipoikamata Aurore. Anko Des alizigeuzageuza mezani, katikati ya sahani, uso wake ukionyesha njaa ya mtu anayenusa chakula kilichofungiwa kabatini.

"Nitatafuta mtu wa kuzisoma," alisema.

"Mimi nasoma Kifaransa, Anko."

Aliniangalia, akaiangalia sindano niliyokuwa nimeichomeka kwenye kola. "Tangu lini?"

"Tangu nikiwa na miaka sita."

Alisogeza sahani, akapangusa meza kwa kiganja, akaziweka zile karatasi mbele yangu kwa mikono miwili. Sijui kama aliwahi kujua alichonifanyia saa ile. Kwa miaka minne mjini Johannesburg mikono yangu tu ndiyo iliyokuwa na thamani. Siku ile mtu alinisogezea karatasi.

Ilinichukua majuma mengi. Mwandiko ule ulilala kama nyasi baada ya mvua, herufi ya s imevutwa ikafanana na f, na maneno mengine yalikuwa yamefutika kabisa. Nilinunua daftari kwenye spaza, kiduka cha mtaani, nikaandika kila neno nililolipata, na lile nisilolipata nikaliachia nafasi. Niliweka matanga kando. Anko Des hakulalamika, aliendelea kufunga kamba za milingoti, akiniuliza mara moja moja, "Umempata?" Nami nilijibu, "Bado."

Nilimpata kapteni. Hakuwa Marjan. Aliitwa Rozel, na alikuwa ameweka sahihi kila ukurasa. Nilipitia orodha ya mabaharia wake wote, mpishi, seremala, daktari, hata mpiga ngoma. Hakukuwa na Marjan. Nikaona pia kwamba Rozel hakuwa yule aliyeiteka Prudence. Mtekaji aliiuza mnadani Morisi, akaenda zake, na aliyeinunua alikuwa mfanyabiashara. Hakuinunua kwa ajili ya pilipili. Meli ilikwenda Kilwa, ambayo wao waliiandika Quiloa, ikarudi Morisi, ikaenda tena Kilwa. Nilijua inabeba nini kabla ya kufika kwenye ukurasa wenyewe, kwa sababu kulikuwa na hesabu ya maji ya kunywa iliyokuwa kubwa mno kwa mabaharia wachache. Katika safari ya mwisho, ile iliyokatizwa na Waingereza, karani wa meli alikuwa na bidii kuliko wenzake: aliandika majina ya watu waliokuwa chini ya sitaha, kama alivyoyasikia. Kwenye ukurasa wa pili, karibu na chini, aliandika: Marjane, mvulana, wa Quiloa.

Nililifunga daftari. Anko Des alikuwa mgongoni kwangu, anapuliza vumbi kwenye kapi ndogo kama punje ya harage. Nikamwambia kichwa kinaniuma, nikaenda nyumbani kwa miguu.

Chiku alikuwa amekaa kitandani anakunja kanga. Nilimsomea lile jina kama lilivyoandikwa, kisha kama Anko Des alivyolitamka. Chiku hakutafakari hata kidogo.

"Huyo ni Marijani," alisema. "Mtaani kwetu wapo akina Marijani watatu. Mmoja ni fundi baiskeli."

"Ni jina la mtu?"

"Jina la mtu kabisa. La zamani. Marijani ni ile nyekundu inayotoka baharini, watu huvaa shingoni." Alisimama, kanga mkononi. "Mvulana wa Kilwa? Kutoka kwetu ni mwendo wa asubuhi tu."

Mimi ni mtu wa ziwa na milima. Ningeweza kusoma Kifaransa kile miaka mitano, nisilitambue jina hilo. Ilihitaji Mkongo wa kusoma na Mtanzania wa kusikia.

Jumamosi iliyofuata nilifika wakati Anko Des ameenda kliniki, na Lorraine ndiye aliyenifungulia. Alikuwa mwanamke wa karibu miaka hamsini, mwalimu wa darasa la tatu, mwenye sauti ya kunyamazisha chumba bila kuipandisha. Niliomba anipe ile nusu ya Kiingereza. Ndani yake kulikuwa na orodha ambayo Anko Des aliipita kila mara, kwa kuwa hakuwa akitafuta watumwa. Waingereza walipoileta Aurore Cape Town waliwaambia watu wale kwamba sasa wako huru, kisha wakawagawa kwa mabwana kwa mikataba ya miaka kumi na minne. Nilipitisha kidole polepole. Marjan, mvulana, amekabidhiwa kwa seremala.

Lorraine alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisoma ule mstari, akavuta kiti. Nilimweleza yote, nikamwonyesha daftari. Aliutazama mlango wa chumba cha mbele.

"Baba yake alikuwa seremala," alisema. "Na babu yake. Tulikuwa tunasema ni kipaji cha Kifaransa." Kisha akanigeukia. "Usimwambie."

"Dada Lorraine, ananiuliza kila siku."

"Mwambie karatasi hazisomeki. Moyo wake ni mbovu, daktari amesema asisumbuliwe na kitu. Na hujui kapteni yule ni nani katika nyumba hii. Niachie mimi. Siku moja nitamwambia."

Nilimjibu kwamba nitafikiri. Jumatatu nilimuuliza Mama Noella, naye alisema bila kuondoa mguu kwenye cherehani, "Binti yangu, sisi tunashona kile mteja anapenda kuvaa." Ni ushauri mzuri, ndio uliomlisha yeye na watoto wake. Chiku yeye alisema jambo moja tu, tukiwa tunaosha vyombo: "Huyo mtoto alikuwa na mama Kilwa." Nililala na maneno yote mawili. Nilichojua ni kwamba mtu alikuwa amenisogezea karatasi kwa mikono miwili kwa sababu aliamini nitamsomea kilichomo. Nikimdanganya, sitakuwa nimemsomea chochote, na sitakuwa tena yule mtu ambaye yeye alimwona ndani yangu.

Jumanne nilimwambia Lorraine kwanza, kwa simu, ili asidhani nimemzunguka. Hakunigombeza. Alisema atatoka shule mapema. Alifika, akasimama mlangoni mwa jikoni na mkoba begani, nami nikamsomea Anko Des daftari langu tangu mwanzo, polepole, Kapteni Rozel, maji ya kunywa, Kilwa, jina, seremala. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe. Nilipomaliza alikiweka mezani kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba ndicho kitu pekee kinachoweza kuvunjika.

"Asante, Mapendo," alisema. "Unaweza kwenda."

Hakuniita wala hakutuma mtu. Majuma matatu yalipita. Matanga yaliyobaki yalikuwa kwenye mfuko chini ya meza ya kukatia nguo, na kila nilipouona nilitaka kujitetea mbele ya mtu, ila hakukuwa na mtu wa kumwambia. Nilishona sare za kwaya ya Pentekoste hadi macho yakawa na mchanga. Nikajiambia nimempoteza mzee, nimekipoteza kiti cha dirishani, na pengine nimeuharibu moyo wake kweli.

Alhamisi moja ya baridi kali, jua jeupe, Mama Noella aliniambia bila kugeuka, "Baba yako wa mapazia huyo." Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Troyeville, na fimbo, akapumzika kwenye kila kona. Alikaa kwenye benchi tunalowakalishia wateja. Chiku alikuwapo, ameniletea chakula cha mchana, akanyoosha mgongo alipomtambua kwa maelezo yangu.

"Sema tena lile jina," Anko Des aliniambia.

"Marijani."

Alijaribu. Alilivunja mahali pabaya. Chiku akamwambia kwa Kiingereza chake kichache, "Pole pole, babu. Ma-ri-ja-ni. Usiharakishe." Akajaribu tena, na mara ya tatu likatoka zima, na nikaona kinywa chake kimelishangaa, jinsi lilivyokaa ndani yake bila kubana.

"Lina maana?"

Chiku alimweleza juu ya ile nyekundu ya baharini. Anko Des alitikisa kichwa taratibu, akaanza kusema huku akiiangalia fimbo yake. Alisema nyanya yake alipokuwa na wajukuu wadogo, serikali ya wakati ule ilikuwa inapanga watu kwa rangi, kila mtu na fungu lake, na ofisa mmoja aliketi nyuma ya meza akiamua familia ipi itabaki katika nyumba yake na ipi itahamishwa. Nyanya alimwambia ofisa yule kwamba wao ni uzao wa kapteni wa Kifaransa. Alivaa glavu nyeupe siku hiyo. Walibaki katika ile nyumba miaka kadhaa zaidi.

"Nimemkasirikia kwa majuma matatu," alisema. "Nikasema alinidanganya maisha yangu yote. Jana nilikuwa napangusa ile picha, nikaelewa. Hakuwa anatudanganya. Alikuwa anatuficha." Akainua macho kutoka kwenye fimbo. "Sasa hakuna anayetutafuta. Twaweza kutoka."

Mama Noella, ambaye hakuelewa zaidi ya nusu, alisimamisha cherehani yake akaenda kumtengenezea chai.

Kuanzia hapo kazi ilibadilika. Anko Des aliifungua sitaha aliyokwisha kuipigilia, akakata ubavu mmoja wa meli na kuuwekea bawaba, ili mtu aweze kuufungua aone chini. Kule chini alichonga sakafu ya pili, mahali walipowekwa watu, na nafasi kati ya mbao ilikuwa fupi hata kiganja changu hakikuweza kusimama. Hakuchonga watu. Alisema hana haki ya kuwapa nyuso. Nami nilimaliza kumsomea maisha ya meli yaliyobaki. Iliuzwa tena pale Cape Town, ikaitwa Elizabeth, ikabeba mvinyo na mbao kwa miaka mingi ya amani, ikazeeka, ikavunjwa na mbao zake zikauzwa. Nyuma ya meli, kwenye tezi, aliandika majina yote matatu, moja chini ya lingine, kwa herufi za ukubwa mmoja. Picha ya kapteni aliishusha ukutani, akaitia kwenye droo. "Alitusaidia," alisema. "Hatumtupi."

Lorraine ndiye aliyechelewa. Alikuwa mpole kwangu, lakini alipita kwenye chumba cha mbele bila kutazama. Nilimsikia siku moja jikoni akimwambia baba yake, "Dadi, utawaambia nini kina Anti? Wana miaka themanini. Wameenda kanisani na jina hilo la Kifaransa." Naye akajibu, "Nitawaambia tuna jina zuri zaidi." Baadaye alikuja akasimama kando ya cherehani yangu, akatazama nikikunja upindo wa tanga la mbele. Aliniuliza kama nimewahi kufikiria kusomea ukalimani. Nilisema hapana, na wakati nasema nilijua kwamba tangu lile daftari sikuwa nimefikiria kitu kingine. Wiki iliyofuata aliniletea fomu, akanisaidia kuzijaza kwa kalamu ya kusahihishia madaftari ya watoto, tukalazimika kuziandika upya kwa rangi nyeusi.

Meli ilisimama kwenye ukumbi wa shule mwezi wa kumi na moja. Walikuja majirani, walimu, watoto, Chiku na wateja wawili wa Mayfair, na Mama Noella aliyevaa kana kwamba ni harusi ya mwanawe. Wale wazee wa Cape Town hawakuja. Anko Des aliongea kwa dakika chache tu. Aliwaambia watoto kwamba meli hii iliibwa mara mbili na haikuwa na kosa, na kwamba ndani yake kulikuwa na mvulana naye aliibwa na hakuwa na kosa, na mvulana huyo alijifunza useremala kwa nguvu, kisha akaufanya kuwa wake, na kazi yake ndiyo hii. Akaufungua ule ubavu. Msichana mmoja mdogo aliinama, akachungulia muda mrefu, akauliza, "Walikuwa wanakaaje?" Lorraine, aliyekuwa amesimama nyuma ya wanafunzi wake, akaja mbele, akapiga magoti karibu na yule msichana, akaweka mkono juu ya ule ubavu, akamweleza. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiigusa meli.

Tulirudi nyumbani saa kumi, jua bado kali kwenye baraza. Anko Des alilala kwenye kochi na viatu. Mimi nilikuwa jikoni nafunika masalio ya wali, Lorraine yuko ujiani na simu, mlango umeachwa wazi. Nilimsikia akivuta pumzi, akapiga Cape Town.

"Anti Dolly? Ni Lorraine. Hapana, Dadi hajambo, amelala. Hapana, si habari mbaya. Kaa kwanza."

Alimweleza. Alianza kama mwalimu, kwa mpangilio, lakini alipofika kwenye ile orodha sauti yake ilikatika, akasema tu, "Alikuwa mtoto, Anti. Mvulana tu." Kisha akasikiliza. Alisikiliza muda mrefu hata nikaacha kufunika vyombo nikasimama na kifuniko mkononi. Nilidhani yule mzee wa upande wa pili amekata simu, au analia, au amekasirika.

Lorraine alitokea mlangoni, amefunika simu kwa kiganja. Macho yake yalikuwa mekundu na midomo inamcheza.

"Anauliza kama huko Kilwa kuna baridi mwezi wa saba," alisema. "Anauliza abebe koti la aina gani."

Sikuwahi kufika Kilwa. "Mwambie koti aliache," nilisema.

Akarudi kwenye simu, akamwambia.